Neno "anajimudu" lilinigharimu miezi minane: jiandae kabla hujaenda kuomba haki yako ya ulemavu

#1 fundi_wa_sare

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Huwa nasoma humu kimya kimya. Leo nafungua uzi kwa sababu juzi, kwenye benchi la ofisi moja ya kata hapa Dar, nilimsikia kijana wa magongo akiulizwa, "Unajimudu?" Akajibu, "Namshukuru Mungu, najimudu." Nilitamani nimvute shati. Jibu lile najua linakoishia, maana hata mimi niliwahi kulitoa.

Mguu wangu wa kulia ulikatwa chini ya goti mwaka 2019 baada ya ajali ya bodaboda. Ni fundi cherehani, nashona sare za shule na madira, nina watoto wawili. Mwishoni mwa 2024, niliposikia ile mikopo ya halmashauri imerejeshwa, nikaenda ofisini nikasema, "Nimekuja kuomba msaada wa wenye ulemavu." Basi. Sikuwa na zaidi ya hapo.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Nje walikuwa wanamsubiri watu kama thelathini. Aliniuliza huku kalamu inakimbia: Unatembea? Natembea. Unafanya kazi? Nashona. Unaishi na nani? Na wanangu. Karatasi ilikuwa imeelekea kwake, nikaisoma kichwa chini miguu juu: "Mguu bandia. Anajimudu." Akaniambia nitapigiwa simu. Nilisubiri simu hiyo miezi minane. Nilipofuatilia nikakuta jina langu halikupelekwa popote, kwa sababu ya neno lile lile moja.

Ni kweli natembea. Lakini kutoka kwangu hadi kituo cha daladala napumzika mara mbili, na si mbali. Kwenye jua la mchana kigutu kinavimba, soketi (kile kikombe cha mguu bandia kinapoingia kigutu) inabana, ikifika saa nane navua mguu nauegemeza ukutani. Cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga, nakanyaga kwa mguu mmoja. Kidonda kikifunguka sivai mguu wiki nzima, na ndoo za maji anabeba mwanangu wa darasa la nne kabla hajaenda shule. Sikusema hata kimoja. Niliona aibu.

Nimelifikiria sana hili. Sisi tukiulizwa hali tunaanza na "salama", halafu ndiyo tunasema "ila". Habari za nyumbani? Salama, ila mtoto anaumwa. Hata kwenye msiba mtu anaanza na salama. Ni adabu nzuri na sitaki ife. Lakini ofisini kalamu inasimama kwenye salama, na ile "ila" unatoka nayo mlangoni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla hata ya vyeti: nunua daftari. Kwa wiki mbili andika kila siku ulichoshindwa, kilichokuchukua muda mrefu, aliyekusaidia na maumivu yalianza saa ngapi. Usiandike siku nzuri tu, wala usizidishe. Ukifika mbele ya meza usitegemee ulimi, maana ulimi umelelewa kusema salama. Soma daftari.

Halafu ujue unachoomba. Tanzania Bara hakuna pensheni ya kila mwezi ya kila mwenye ulemavu. Wengi tunakwenda tukidhani ipo sehemu ya kujiandikisha hela ianze kuingia. Kilichopo ni vitu mbalimbali, kila kimoja na mlango wake: mkopo usio na riba kwenye ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa wenye ulemavu, ruzuku ya TASAF kwa kaya maskini, msamaha wa gharama za matibabu kwa asiye na uwezo, barua ya kwenda kupata kifaa kama kiti mwendo au mguu bandia. Ukisema tu "naomba msaada" anayekusikiliza anabaki kukukisia.

Nilichobeba mara ya pili: kitambulisho cha NIDA, barua ya utambulisho ya Serikali ya Mtaa yenye mhuri, taarifa ya daktari, picha ndogo nne, daftari, na nakala mbili mbili za kila kitu ndani ya bahasha ya kaki. Kila nilichokabidhi niliomba nakala yangu igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe. Karatasi halisi niliionyesha tu, nikarudi nayo nyumbani. Siku hiyo nilikaa na yule afisa dakika ishirini na tano badala ya tatu.

Wenye uzoefu mwingine karibuni, hasa mliokwama. Tuelezane.

#2 macho_ya_jua

Dada, umenigusa pabaya. Mimi nina ualbino. Swali langu huwa ni "Unaona?" Na mimi najibu "Naona."

Naona nini sasa? Nikisimama kituoni naona daladala linakuja, kibao sikisomi mpaka linisimamie puani. Nawasikiliza makonda wanavyoita. Nikikosea nafika Gongo la Mboto wakati nilikuwa nakwenda Tabata. Nikikutazama ng'ambo ya meza naona kwamba wewe ni mtu, sioni wewe ni nani. Mafuta ya kukinga jua yakiisha kabla ya mshahara nakaa ndani, na kukaa ndani kunamaanisha sijafanya kazi.

Nilikuwa naficha haya kwa sababu nimechoka kuonewa huruma. Leo nimeelewa kwamba kumweleza afisa ukweli si kuomba huruma. Nanunua daftari kesho.

#3 mzunguko

Samahani dada yangu, nakuheshimu, lakini mimi nimezungushwa miaka miwili. Nenda kata, kata wanasema nenda manispaa, manispaa wanasema mhusika yuko kikaoni. Hilo daftari lingenisaidia nini? Kuna jamaa kaniambia wazi bila elfu hamsini faili halisogei. Huku ni kujuana tu.

#4 mstaafu_wa_kata

Wanangu, habari zenu. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii ngazi ya kata miaka kumi na moja, nimestaafu. Ngoja niseme nilichokiona nikiwa upande wa pili wa meza.

Mzunguko, pole sana. Anayekuomba elfu hamsini anakuomba rushwa. Piga TAKUKURU 113, haikatwi salio. Andika tarehe, saa, mlango, na maneno aliyotumia, tena uandike siku hiyo hiyo. Malalamiko mengi yanakufa kwa sababu mtu anakuja baada ya miezi mitatu hakumbuki hata siku. Kwa hiyo daftari lingekusaidia hata hapo.

Sasa kwako fundi. Uliyoyasema ni sawa, ila kuna kitu umekiruka. Neno "anajimudu" lilikuumiza kwa sababu ulifika bila kusema unataka mlango gani. Milango hii haiulizi swali moja. Ustawi wa jamii anataka kujua nini huwezi, ili akuandikie msamaha wa matibabu au barua ya kifaa. Kamati ya mkopo inataka kujua utaweza nini ukipata fedha, kwa sababu mkopo unarudishwa. Nimeona watu wakiieleza kamati shida zao kwa machozi, kamati ikawaonea huruma na ikawanyima. Nimeona wengine wakijisifu ustawi wa jamii wakatoka mikono mitupu.

Si kusema uongo huku na huku, ukweli ni ule ule. Ungeniambia mimi: "Kwa cherehani ya kukanyaga, kwa mguu mmoja, namaliza sare tatu kwa siku na saa nane nimechoka. Nikiweka mota ya kuendesha kwa goti, nitamaliza nane. Wateja wangu ni hawa." Hapo nina sentensi ya kuandika.

Kuhusu mkopo wenyewe, kwa wasioujua. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni takwa la sheria tangu 2018, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na hauna riba. Ulisitishwa 2023 kwa sababu fedha zilikuwa zinapotea kwenye vikundi hewa, ukarejeshwa 2024 kwa kanuni mpya. Ndiyo maana sasa hivi uhakiki ni mkali. Mtakuja kutembelewa mnapofanyia kazi, msishangae wala msiudhike.

Kikundi kinatakiwa kiwe na katiba, uongozi, akaunti ya benki ya kikundi, muhtasari wa kikao kilichoamua kukopa wenye saini za wote, andiko la mradi, na cheti cha utambuzi wa kikundi kutoka halmashauri. Maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa Wezesha. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anawasaidia kuingiza, ni kazi yake, msione mnamsumbua. Kwa wenye ulemavu kanuni zinaruhusu hata mtu mmoja mmoja pale kikundi kinaposhindikana, na watu wengi hawaambiwi hili.

Andiko la mradi linawatisha watu bure. Kurasa mbili zinatosha. Tunafanya nini, tunauza wapi, tunahitaji nini na bei yake dukani ni hii (weka ankara ya kununulia, usikisie), tutapata ngapi kwa mwezi, tutarejesha ngapi. Makosa niliyoyaona mara nyingi ni mahesabu ya faida yaliyonakiliwa kutoka kikundi kingine. Unakuta kikundi cha wasusi kimeandika gharama ya chakula cha kuku.

Mwisho kwa leo: omba unakoishi. Fedha hizi ni mapato ya halmashauri yenyewe. Jiji la Dar es Salaam (ndiyo Ilala ya zamani), Temeke, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni kila mmoja ana mfuko wake. Nimewahi kumpokea mama anaishi Gongo la Mboto ana kibanda Tandika, kahangaika Temeke nusu mwaka wakati mtaa wake uko Jiji.

#5 fundi_wa_sare

Shikamoo baba. Nimekubali, nimeruka hapo. Hata mimi mara ya pili nilielekezwa hivyo hivyo na yule afisa, akanitenganishia mambo mawili: barua ya hospitali kwa ajili ya soketi mpya, na mkopo. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu anayesuka mikeka, yeye hasikii vizuri. Tulipata milioni mbili baada ya miezi mitano. Mota ndiyo kitu cha kwanza nilichonunua. Mpaka leo marejesho hatujachelewa hata mwezi mmoja.

Mzunguko kaka, usikate tamaa. Miaka miwili ni mingi na una haki ya kukasirika.

#6 kitimwendo_Ubungo

Nyongeza ndogo. Ofisi niliyokwenda iko ghorofa ya pili na lifti hakuna. Ndugu zangu walitaka kunibeba kwenye ngazi, nikakataa. Nilimwomba mlinzi akamwite afisa, akashuka na fomu, tukajazia chini ya mwembe. Hakukasirika hata kidogo. Msikubali kubebwa kama gunia, mwiteni ashuke. Na pigeni simu kabla, muulize ofisi iko ghorofa ya ngapi na choo kikoje. Mimi nilikaa saa tano bila kunywa maji nikiogopa choo.

#7 Bi_vitumbua

Nawasalimu wote. Nina mtoto wa kike wa miaka tisa, ana mtindio wa ubongo. Hasemi, hakai mwenyewe. Mimi nakaanga vitumbua na chapati asubuhi, baba yake hayupo nasi. Nilikwenda mara moja nikaambiwa mtoto bado mdogo, nitulie kwanza. Nikatulia. Je, huyu na yeye ana haki ya chochote, au hadi afike miaka 18? Na daftari nitaandika nini wakati yeye ndiye mwenye ulemavu?

#8 mstaafu_wa_kata

Mama, aliyekwambia utulie alikosea. Haki ya mtoto haisubiri miaka 18. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inamtambua mtoto kama inavyomtambua mtu mzima, na inataka kuwe na kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya mtaa. Muulize mwenyekiti wako wa mtaa kamati hiyo iko wapi na nani ni katibu wake. Kama haipo, swali lako tu litamfanya aifikirie.

Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, si kwa maendeleo ya jamii. Omba vitu vitatu kwa majina yake: barua ya kumpeleka mtoto akapimwe na kuanza mazoezi ya viungo, kiti kinachomfaa mwili wake (usipokee kiti cha mtu mzima, kitamharibu mgongo), na nafasi ya shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Kwa mfano Uhuru Mchanganyiko pale Kariakoo imekuwa ikipokea watoto wenye ulemavu pamoja na wengine kwa miaka mingi. Kwa kifaa na mazoezi, hospitali ya CCBRT Msasani na taasisi ya mifupa MOI pale Muhimbili ni majina utakayoyasikia mara nyingi.

Daftari andika wewe. Mtoto hawezi kujieleza, na kazi yako juu yake ndiyo kipimo cha ulemavu wake. Andika siku yenu moja toka mnaamka.

#9 fundi_wa_sare

Mama, niongeze. Usiandike "ananisumbua usiku". Andika saa. Usiandike "hali vizuri". Andika dakika alizochukua kula na kapaliwa mara ngapi. Afisa hawezi kupinga saa.

#10 mikono_inasema

Mimi ni kiziwi. Sisikii kabisa tangu nina miaka sita. Ofisini hakukuwa na mkalimani wa lugha ya alama, nikaenda na dada yangu. Afisa alizungumza na dada, mimi nikaangalia midomo. Dada alitabasamu, akaitikia kwa kichwa. Tulipotoka nikamuuliza kwa ishara umemwambia nini. Akasema: nimemwambia unasikia kidogo ukipaziwa sauti.

Dada yangu ananipenda sana. Alisema vile ili nisionekane duni mbele ya watu. Lakini kwenye fomu nikawa mtu anayesikia kidogo.

Sasa nakwenda na karatasi. Mstari wa kwanza kwa herufi kubwa: MIMI NI KIZIWI. TAFADHALI NIANDIKIE. Chini yake nimeandika ninachoomba na sababu. Naiweka mezani kabla hajafungua mdomo. Mara ya mwisho afisa alichukua kalamu tukaandikiana kurasa tatu. Nimezitunza. Wenzangu viziwi, ulizeni CHAVITA, chama chetu cha viziwi, kuhusu mkalimani mapema, siyo asubuhi ya siku ya miadi.

Na nyie mnaotusindikiza: kaeni pembeni kidogo. Tukikwama tutawatazama.

#11 macho_ya_jua

#10 umeniliza. Mama yangu alikuwa anafanya hivyo hivyo kwangu.

#12 jukwaa_la_ujenzi

Wakuu, mimi ni tofauti kidogo. Nilianguka kutoka jukwaani tukijenga ghorofa, uti wa mgongo ukaumia, natembelea magongo. Mkandarasi alilipa hospitali wiki mbili akapotea. Na mimi niende kata?

#13 mstaafu_wa_kata

Kijana, kata nenda, lakini wewe una mlango mkubwa kuliko huo. Umeumia kazini. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na michango yake inalipwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Asikutishe mtu kwamba hukuchangia. Nenda na chochote kinachoonyesha ulikuwa kazini pale: meseji za malipo kwenye simu, picha za saiti, majina ya wenzako mliokuwa nao, karatasi ya hospitali ya siku ile ile. Usikae nayo, muda unahesabika tangu siku ya ajali. Na kama ulikuwa unachangia NSSF, nako kuna pensheni ya ulemavu kwa aliyetimiza masharti. Wengi wanakufa nayo bila kuiulizia.

#14 jukwaa_la_ujenzi

Meseji ninazo. Simu ilipasuka kioo lakini inawaka. Ahsante mzee wangu, kesho naamkia huko.

#15 mama_wa_kaya

TASAF mnaitaja juu juu na watu wengi wanaikosea. Mimi ni mnufaika. Huendi dirishani kuomba. Kaya zinatambuliwa mtaani, kwenye mkutano wa hadhara, majirani wakiwepo, halafu zinahakikiwa. Mwenye ulemavu akiwa ndani ya nyumba inazingatiwa. Sasa sisi wenye ulemavu ndio hatuendi mikutanoni! Mkutano unatangazwa kwa kipaza sauti, kiziwi hasikii. Unafanyika uwanjani kwenye mchanga, kiti mwendo hakipiti. Unafanyika saa tisa juani, mwenye ualbino hatoki. Majina yanasomwa sisi tuko ndani.

Mwambieni mjumbe wenu wa shina awape taarifa nyumbani. Na kama huwezi kufika kabisa, jirani yako asimame aseme jina lako. Langu lilitajwa na muuza mkaa. Ndugu zangu wawili walikuwepo mkutanoni na hawakufungua mdomo, waliona ni aibu ya ukoo.

#16 mzunguko

Nimerudi. Nimesoma yote. Jana nilikaa na mke wangu tukaandika kila tarehe tuliyokwenda na tuliyemkuta, tumekumbuka safari kumi na moja. Nimegundua kitu. Kati ya hizo kumi na moja, tisa nilikwenda bila taarifa ya daktari. Nilikuwa na kadi ya kliniki tu, na hakuna aliyeniambia kwamba siyo hiyo. Wangeniambia siku ya kwanza. Hilo bado linaniuma na sitajifanya haliniumi. Mzee mstaafu, hiyo taarifa daktari anaandika nini hasa?

#17 mstaafu_wa_kata

Hasira yako ni halali. Ningekuwa mimi mezani ningetakiwa nikuambie siku ya kwanza.

Taarifa ikisema tu "ana ulemavu wa miguu" haitusaidii. Mwombe daktari wa hospitali ya serikali (Amana, Temeke, Mwananyamala, yoyote iliyo karibu nawe) aandike ulemavu ni upi, ulianza lini, ni wa kudumu au unaweza kupungua, unatumia kifaa gani, na shughuli zipi huwezi au unazifanya kwa msaada. Aweke saini, jina, cheo na mhuri. Madaktari wana haraka kama maafisa. Mpe daftari lako alione, ukurasa mmoja tu. Kabla hujatoka chumbani soma alichoandika. Jina lilingane na la NIDA herufi kwa herufi. Athumani na Othman si mtu mmoja kwenye mfumo.

#18 mzunguko

Herufi kwa herufi. Nimeelewa. Ahsante mzee.

#19 Bi_vitumbua

Nimerudi kuwapa majibu, imepita wiki mbili na siku tatu.

Niliandika siku kumi na nne. Naweka hapa moja kama nilivyoiandika, labda itamsaidia mama mwingine asiyejua pa kuanzia.

"Jumanne. Saa tisa usiku nimemgeuza ubavu wa kulia. Saa kumi na moja nimeamka kukanda unga, amelia, nimemweka mgongoni nakaanga naye. Saa moja uji, dakika arobaini na tano, amepaliwa mara mbili. Saa tatu nimembadilisha. Saa nne kwenda kliniki, daladala mbili zimetuacha, ya tatu konda amesema nilipe siti mbili. Nimembeba toka kituoni, kilo kumi na tisa kwa mzani wa kliniki. Vitumbua havikuuzwa leo. Usiku hakulala hadi saa saba, misuli imekaza, nimemkanda kwa mafuta ya nazi."

Nilipofika, afisa ustawi alikuwa dada wa umri wangu. Akaanza: mtoto anaendeleaje? Mdomo ukataka kusema salama. Nikaweka daftari mezani. Akasoma ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili. Akanyamaza. Halafu akaniuliza, "Na mgongo wako wewe mama?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.

Ameandika barua ya kupimwa kiti na kuanza mazoezi ya viungo, na ya pili ya msamaha wa gharama. Zote nimebaki na nakala zenye mhuri kama mlivyonifundisha. Kuhusu shule amesema tuanze na kiti kwanza, akishaweza kukaa tutarudi kwake kwa barua ya tatu. Nimeandika jina lake na tarehe.

Miadi ya kipimo ni Jumatatu saa mbili asubuhi. Muuza genge jirani yangu atanikaangia siku hiyo.

Kuna aliyeniuliza kwa ujumbe wa pembeni kama daftari linatakiwa liwe maalumu. Hapana dada. Langu ni la mistari, la shilingi mia tano, na ukurasa wa nyuma una madeni ya unga.